Kanisa la Mai Mahiu na Makumbusho ya Andersonville

Sehemu hizi mbili zote ni kumbukumbu za mateka wa vita; swali ni ipi ya kuitembelea. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kuja Kampala huteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, na pembeni yake hulipita kanisa dogo mno lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakichonga barabara hiyo hiyo. Wengi wetu wa Malaba na Tororo tumelipita usiku bila kujua ni nini.

Andersonville, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ni jambo jingine kabisa. Hapo palikuwa na kambi ya mateka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: kati ya 1864 na 1865 walizuiliwa askari wa Kaskazini wapatao 45,000, na karibu 13,000 wakafa kwa maradhi na njaa. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1998 yanawaenzi mateka wa Marekani wa vita vyote, na uani kuna sanamu na maji yanayotiririka.

Makumbusho hueleza: mgeni huonyeshwa ulipokuwa uzio mwepesi wa ndani ya kambi, ambao mateka aliyeuvuka alipigwa risasi. Kanisa halielezi kitu, lakini mawe yake yaliwekwa na mikono ya mateka wenyewe, jambo ambalo hakuna msanii wa baadaye anayeweza kuliiga. Kwa mwanafunzi ningechagua Andersonville. Kwa nafsi yangu, pengine kwa kuwa ni njiani kwetu na wala hapahitaji viza, ningesimama Mai Mahiu.