Kununua mashine ya IRM Lubumbashi: usianze na kuhesabu tesla

Mkurugenzi wa polikliniki akitaka mashine ya IRM (MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), swali lake la kwanza huwa: ina tesla ngapi, yaani sumaku yake ina nguvu kiasi gani? Mimi ningeanza na lingine. SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikikata umeme saa nane za usiku, sumaku itakuwaje? Mpangilio huu wa aina tano za mashine umetokana na swali hilo, ndiyo maana sumaku kali hazikuongoza.

Nafasi ya kwanza: tesla 0.55 yenye heliamu kidogo, ile gesi inayoiweka sumaku katika baridi kali inayohitaji ili ifanye kazi. Mfano ni Magnetom Free.Max ya Siemens, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Heliamu yake haifiki lita moja, imefungiwa humo humo, na haihitaji bomba la kutolea gesi nje. Sumaku za kawaida za tesla 1.5 hubeba zaidi ya lita elfu moja, na Lubumbashi gesi hiyo ni bidhaa ya kusafirishwa kutoka mbali. Umeme ukikosekana kwa saa nyingi, sumaku hii hupata joto upesi kuliko zile zenye akiba kubwa. Basi usifanye ubahili kwenye jenereta ya kipozeo, mtambo unaoiweka sumaku baridi. Ila ikishapoa tena inarudi kazini bila kujazwa gesi. Umepoteza siku za kazi tu.

Picha yake ina chengachenga zaidi, kwa sababu ishara inayotoka mwilini hupungua pamoja na nguvu ya sumaku. Programu mpya husafisha sehemu kubwa, na kwa mgongo, goti au ubongo daktari anapata anachokitafuta. Tena kuna mahali inashinda. Mgonjwa aliyefungwa vyuma mguuni baada ya ajali ya pikipiki, picha yake huharibika kidogo kuliko kwenye 1.5. Mapafu nayo, yenye hewa tele, huonekana vizuri zaidi. Joto ambalo mawimbi ya redio huingiza mwilini hufuata mraba wa nguvu ya sumaku, kwa hiyo hapa ni karibu mara saba pungufu kuliko kwenye 1.5. Tundu lake lina sentimita 80: mama mnene anaingia bila kubanwa, na mwenye kuogopa kufungiwa anatulia.

Lakini sumaku dhaifu bado ni sumaku. Katika mji wa migodi kama huu, fundi wa kuchomelea aulizwe kila mara kama aliwahi kuingiwa na kichenga cha chuma jichoni. Akisema ndiyo, apigwe eksirei kwanza.

Ya pili: tesla 1.5 yenye heliamu iliyofungiwa ndani. Philips ilileta sumaku ya BlueSeal mwaka 2018, yenye lita 7 tu za heliamu. Inunue kama una daktari wa moyo na wa radiolojia watakaoitumia kikamilifu. Bila wao, unalipia uwezo utakaolala.

Ya tatu: sumaku ya kudumu, iliyo wazi, kati ya tesla 0.2 na 0.4. Moyo wangu ungeipa nafasi ya kwanza: haitaki heliamu, na umeme ukikatika sumaku inabaki vilevile. Kinachoishusha ni uzito wa tani nyingi, picha zinazochukua muda, na tabia ya kuyumba joto la chumba likibadilika. Oktoba ya Lubumbashi itakulazimisha kuwasha viyoyozi hata usiku, ukarudi kulekule kwenye jenereta.

Ya nne: Swoop ya Hyperfine, tesla 0.064. Ina magurudumu, huchomekwa kwenye soketi ya kawaida, na hupiga picha za kichwa tu, pembeni mwa kitanda cha mgonjwa mahututi. Ni msaidizi mzuri. Usiifanye mashine yako ya pekee.

Ya mwisho: 1.5 ya mtumba iliyojaa heliamu. Bei yake huvutia. Kabla ya kutoa hata dola moja, uliza kama sumaku bado iko baridi au ilishazimwa, lini kipozeo kilibadilishwa, na nani atalipa gesi ya kuijaza ikifika. Majibu yaandikwe kwenye mkataba.