Pegasus au U-352: akiba ya mzamiaji wa Arusha iende wapi?

Wazamiaji tunaoishi Arusha tukikutana, swali ni lile lile: twende Zanzibar kuyaona mabaki ya Pegasus, manowari ya Kiingereza, au tudunduize hadi tufike Marekani kwa U-352?

U-352 ina mvuto wake. Ni nyambizi ya Kijerumani iliyozamishwa na Icarus, meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, tarehe 9 Mei 1942, nje ya pwani ya North Carolina. Mabaharia 33 waliokolewa. Baadhi ya wenzao wamelala humo, kina cha kama mita 35.

Pegasus si nyambizi, na iko chini zaidi, karibu mita 40. Lakini vita vyake vilipiganwa kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo, manowari ya Kijerumani Königsberg ikatokea alfajiri na mizinga inayofika mbali kuliko ya Pegasus, ikaizamisha. Makaburi ya mabaharia wake yako Chapwani, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar. Kayaone kwanza, ndipo uzame. Mimi nachagua Pegasus.

Ila usikimbilie kurudi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na naitrojeni inayobaki mwilini baada ya kuzama haina huruma: ukipanda juu mapema, inaweza kufanya mapovu ndani yako. Baada ya kuzama mara kadhaa, kanuni ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Nami naifuata hata nikipanda basi.