Gyuto ya Sakai: tazama wembamba wa bapa, si michirizi

Nilichonacho ni gyuto, kisu cha mpishi cha Kijapani, chenye bapa la milimita 210 kutoka Sakai, Osaka. Kiini chake ni ginsan, chuma kisichoshika kutu chenye kaboni kama asilimia 1 na kromi 13 hivi, ugumu wa 60 hadi 61 kwa kipimo cha Rockwell. Ubavuni kimevikwa chuma laini. Uzito gramu 150, mkono hauchoki.

"Kazi ya mkono" isikubabaishe. Visu vingi vya aina hii huanza na bamba lililounganishwa tabaka kiwandani, na michirizi ya damaski, ile mistari ya mawimbi ubavuni, imo humohumo, haiongezi ukali. Huko Sakai, anayefua, anayenoa na anayetia mpini ni mafundi tofauti, na mimi naona pesa ya kisu inakwenda kwa yule mnoaji. Mgongo wa changu una milimita 3 penye mpini, chini ya 1 karibu na ncha. Juu kidogo tu ya makali ni kama 0.3. Jaribu kwa karoti nene. Ikipasuka "ta!" kabla makali hayajagusa ubao, bapa ni nene, na kunoa tu hakutaitibu. Kisha simamisha makali juu ya ubao ulionyooka, uyabembeze: mwanga ukipenya mahali, hapo pamechimbwa kupita kiasi na kitunguu kitabaki kimeshikana kama shanga.

Ugumu huu una gharama. Mfupa, nyama iliyoganda, kifuu cha nazi au ubao wa kioo vitakiachia mapengo, hasa ukikipinda kikiwa ndani ya kitu. Vilivyokatwa visukume kwa mgongo, usikwangue kwa makali. Fimbo ya chuma ya kunolea isikiguse.

Kunoa: jiwe la chembe 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), nyuzi 15 kila upande. Kwa bapa lenye kimo cha milimita 45, inua mgongo milimita 12 hivi. Noa upande mmoja mpaka kidole kihisi ukwaruzo, yaani ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, upande wa pili, toka kisigino hadi ncha, ndipo ugeuze. Malizia na 3000. Ukwaruzo wa ginsan hutoka upesi kuliko wa VG-10, chuma kingine cha Kijapani kisichoshika kutu, na ndiyo sababu niliichagua.

Kutu hakishiki kirahisi, ila usikilaze na ndimu na chumvi usiku kucha. Malalamiko yangu ni mpini: mti wa magnolia haukupakwa chochote, na bizari ya manjano imeshaupaka rangi yake.