Chatu wa Rangi ya Kawaida na Chatu Zeruzeru: Kinachotofautisha Bei

Katika soko la Marekani, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akitishika, huuzwa kwa bei zinazopishana mno, ingawa umbo na chakula ni vilevile. Mwenye rangi ya kawaida ni rahisi kwa sababu makinda yamekuwa yakikusanywa kwa wingi Ghana, Togo na Benin. Lakini aliyetolewa porini mara nyingi huja na kupe na hugoma kula, hivyo unafuu wake, kwa maoni yangu, ni wa siku ya kununua tu.

Zeruzeru ni habari nyingine. Sifa yake hufichika katika damu: wazazi wawili wa rangi ya kawaida walioibeba hutarajiwa kupata zeruzeru mmoja katika kila makinda wanne, na jike hutaga mayai machache, aghalabu manne hadi manane. Alipozalishwa kizimbani mara ya kwanza mwaka 1992, alikuwa wa wenye fedha nyingi. Kadiri wafugaji walivyoongezeka bei ilishuka, na tamaa ya wanunuzi ikahamia kwenye michanganyiko mipya ya rangi.