ZFS kutuma mafaili sava ya mbali: faiba ikikatika inavumilia, ila iko kimya mno

Wakuu, mimi nina kastudio ka video za harusi hapa Dar, kila usiku mafaili yanatoka kompyuta ya ofisini yanaenda kwenye sava ya kukodi iliyoko Ujerumani, na kazi yote inafanywa na ZFS, mfumo wa kupanga na kuhifadhi mafaili kwenye diski, hii ya bure ya OpenZFS, kwa zile komandi zake mbili send na receive. Imenibeba na imenitoa jasho. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyobana ntawaambia kwanini.

Mzigo wa kwanza ulikuwa GB 400 hivi na faiba yangu inapandisha Mbps 10 tu, piga hesabu hapo, ni karibu siku nne mchana na usiku. Nikaanza Alhamisi usiku, Jumapili ya 12 Mei 2024 zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika kule upande wa Afrika Kusini, intaneti chali mtaa mzima, na mimi nishafika GB 270. Nikajua nimekwisha. Kumbe kwa bahati tu upande wa kupokea niliweka -s, na hiyo herufi moja ndo kila kitu, ukiiacha basi kilichofika nusu kinatupwa unaanza sifuri, ukiiweka sava inashikilia pale ulipoishia na inakupa tokeni, limstari lirefu la namba na herufi linaloanza na 1-, unalikopi unalipeleka upande wa kutuma na send -t, safari inaendelea kutoka GB 270. Kwenye Linux hii ipo tangu toleo 0.7 la 2017, asije mtu akawauzia kama kitu kipya.

Erori nyingine mtakayokutana nayo ni ile ya kulalamika kwamba kule kunakopokea kumebadilishwa. Kijana wangu aliingia sava akafungua folda kuangalia tu, hajagusa kitu, ila ZFS inaandika hata muda faili liliposomwa, na kwake hayo ni mabadiliko. Weka readonly=on (kusoma tu) kule, mzigo unaendelea kupokelewa kama kawaida. Wengi wanakimbilia -F, ile ya kulazimisha kwa kufuta yaliyobadilika kule, sawa, ila jua unachofuta.

Sasa ile nyota. Ikifeli haisemi. Yani inasema, lakini kwenye skrini, na usiku wa manane nani yuko kwenye skrini? Kuna kipindi nilibadilisha ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia sava ya mbali) nikasahau kuupeleka sava, skripti, ile programu ndogo inayotuma mzigo kila usiku, ikafeli siku 19 mfululizo, erori zote zimejipanga kwenye logi (faili la kumbukumbu) ambayo sijawahi kuifungua. Na huku ofisini skripti nyingine inafuta snapshoti, zile picha za mafaili yalivyokuwa wakati fulani, zilizozidi siku 14, kwa hiyo ikawa hakuna tena snapshoti inayofanana pande zote mbili, na bila hiyo haijui ianzie wapi kutuma mabadiliko tu. Siku nne tena! Ningeweka bukmaki ningepona, haibebi data, inakumbuka tu ulipoishia.

Wala si mimi peke yangu, GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017 wakihangaika na replikesheni (kunakili data sava moja hadi nyingine) iliyokwama wakafuta data ya sava kuu kimakosa, kukimbilia bakapu wakakuta zilikuwa zinafeli na barua pepe za kuwajulisha zinakataliwa njiani.

Siku hizi sava ya kule ndo inapiga hesabu yenyewe, ikiona snapshoti ya mwisho imezidisha saa 26 inanitumia meseji Telegram. Siulizi skripti imefaulu au la, naangalia umri tu. Na asiyetaka kukopi tokeni kwa mkono kuna syncoid, ni ya bure na inaendeleza yenyewe palipokatika.

Juzi umeme ulikatika ofisini saa nne usiku, snapshoti ya saa sita haikwenda. Jana saa nane usiku simu ikalia, mke wangu akaamka kabla yangu, anataka kujua nani huyo ananitumia meseji saa hizi.