Nimenunua picha mbili za Frank Hurley: moja ichukue, nyingine uliza kwanza

Duka la mtandaoni nililoagiza linachapisha upya picha za kale za safari za Ncha ya Kusini. Nilichukua mbili za Frank Hurley, mpigapicha Mwaustralia aliyekuwa na kiongozi wa safari, Ernest Shackleton, kwenye meli ya Endurance iliyong'oa nanga mwaka 1914. Zilifika zimeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, pembe zote nzima. Karatasi ni nzito, haing'ai, wino umekauka vizuri. Kwa uchapaji sina neno.

Ya kwanza ni Endurance usiku, Agosti 1915, meli ikiwa imenaswa kwenye barafu ya Bahari ya Weddell tangu Januari. Hurley alitega flashi za unga zipatazo 20, nyingine nyuma ya vilima vya barafu. Mwako ule ulimpofusha kwa muda, akabaki anajikwaa gizani. Ila tazama alichopata! Meli nzima imekuwa nyeupe kama iliyochovywa kwenye chumvi, nyuma yake giza tupu. Chukua saizi kubwa. Yangu ni sentimita 50 kwa 70. Ukisogea karibu unaona kila kamba ya mlingoti ilivyovaa barafu, unaweza kuifuata moja kutoka juu kabisa mpaka ubavuni. Kwenye simu hayo hupotea yote.

Na picha hii ilikaribia kupotea. Barafu ilipoivunja meli mwaka huohuo, Hurley alijitosa kwenye maji ya baridi kali humo ndani akazitoa negativu zake, vile vioo ambavyo picha huchapwa kutokana navyo. Kisha yeye na Shackleton wakaketi kuchagua: kama 120 zibaki, kama 400 zivunjwe palepale, Hurley asije akashawishika kuzirudia. Mizigo ilikuwa mingi mno kwa boti zao.

Ya pili ndiyo yenye shida. Inaonyesha wanaume ufukweni mwa Elephant, kisiwa cha karibu na Antaktika walikofika kwa boti baada ya kupoteza meli, wakipunga mikono kuelekea boti, na duka limeandika chini yake kwamba ni siku ya kuokolewa. Si kweli. Ilipigwa tarehe 24 Aprili 1916, Shackleton na wenzake watano walipoondoka na boti ya James Caird kwenda kutafuta msaada. Hurley mwenyewe ndiye aliyeitoa baadaye kama picha ya uokoaji, baada ya negativu kufanyiwa mabadiliko. Meli ya Chile, Yelcho, chini ya Luis Pardo, ilifika tarehe 30 Agosti. Watu 22 walikuwa wamesubiri miezi minne. Kuwaita watu wanaoaga kuwa ni watu wanaopokea wokozi ni kuwanyang'anya ile hofu waliyokuwa nayo siku ile, na inaniuma kwa sababu sentensi moja tu ya maelezo ingetosha.

Jambo jingine: baada ya meli kuachwa, Hurley alibaki na kamera ndogo ya Kodak ya mfukoni na roli tatu za filamu. Kwa hiyo picha za kisiwani ukizikuza sana zinatoka chengachenga, na hii imepakwa pia rangi ya bluu ambayo haikuwepo. Nimewaandikia kuhusu maelezo na rangi. Wakirekebisha, iagize kwa saizi ndogo. Ya usiku agiza hata leo.