Kitabu cha picha au hadithi ya bibi?

Mama wa Newala aliyejifungua juzi ana njia mbili: kumsomea mwanawe kitabu cha picha, au kumwachia bibi amsimulie kwa Kimakonde. Hadithi ya mdomo haina gharama, na hata msimu wa korosho bibi huchambua huku akisimulia. Kitabu nacho huleta maneno yasiyosikika nyumbani kila siku, tena na picha za kunyooshea kidole. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo mpakate, ukurasa uwe karibu. Akikua kidogo atakitafuna. Mwache, ndivyo anavyokijua. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri mwaka 2014 wazazi wamsomee mtoto tangu akiwa mchanga. Mimi ningeanza na bibi, kitabu kifuate kabla mtoto hajatambaa.